Naye Anayeuguza Apate Kupumzika

Tangu mwaka 1993 Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani kila tarehe 11 Februari. Wagonjwa huletwa mbele, huombewa na kupakwa mafuta matakatifu. Mama aliyembeba mtoto wake kutoka nyumbani hadi kanisani hurudi benchi la nyuma, akasubiri kumbeba tena. Mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya mama huyo.

Wenzake ni wengi kuliko tunavyodhani. Kati ya mwaka 2015 na 2016 watoto wachanga 3,981 walipimwa damu katika hospitali za Muhimbili na Temeke. Watoto 31 walikutwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli, na wengine 505 walikuwa wamebeba kinasaba chake bila kuugua. Marekani wanauhesabu miongoni mwa magonjwa adimu. Kwetu uko nyumba ya pili. Yapo mengine ya kurithi yaliyo adimu kweli, kama himofilia, ambayo damu haigandi inavyopaswa, au ule udhaifu wa misuli unaomfanya mvulana aliyekuwa akitembea ashindwe kusimama akiwa bado mdogo. Mama wa mtoto wa namna hiyo anaweza kuishi Bunju au Chamazi miaka mingi asipate hata mwenzake mmoja wa kuulizana naye.

Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu huanza ghafla, pengine usiku wa manane, hasa wakati wa baridi. Mama huamka, akamkanda mtoto kwa maji ya uvuguvugu, akampa dawa ya maumivu, akamnywesha maji kikombe baada ya kikombe, huku akipima joto kwa kiganja chake. Kukicha anatakiwa awe barazani anauza vitumbua. Siku ya kliniki ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na mtaji unaishia kwenye nauli. Mtoto akilazwa na kuhitaji damu, ndugu huombwa kuchangia, na anayezunguka kuwatafuta ni mama huyo huyo. Watoto wengine wanakula kwa jirani. Mambo yakienda hivyo miaka 10, tusishangae akikosa usingizi hata usiku ulio shwari, akaacha kwaya, akawa mkali kwa watoto. Sisi humwambia, "Wewe ni mama jasiri." Neno la upendo hilo, lakini tunaona mara nyingine hutusaidia kuaga mapema.

Halafu kuna lawama. "Kwetu ugonjwa huu haupo," husema mawifi, na wako waume waliokwisha kufungasha virago kwa neno hilo. Tuseme wazi: mtoto haugui selimundu mpaka awe amerithi kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba hicho, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeloga wala aliyelaaniwa. Hata himofilia, ambayo kwa kawaida hupitia kwa mama, karibu theluthi moja ya wagonjwa wake huzaliwa katika koo ambazo haukujulikana kamwe. UWAKA wakilisema hili katika vikao vyao litasikika kuliko likisemwa na ukurasa huu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 iliweka siku 4 za likizo yenye malipo kwa mfanyakazi ambaye mtoto wake anaugua au amefariki. Muuza vitumbua hana mwajiri wa kumwomba hata siku moja.

Jumuiya zetu ndogondogo huwatembelea wenye wagonjwa, na huenda na sukari, sabuni na rozari. Tunashukuru. Lakini tukiulizwa kipi kingemfaa zaidi mama huyu, tungejibu: saa 3 za Jumamosi alasiri, kila wiki, mtu mwingine akikaa na mtoto, naye alale au aende kusukwa nywele bila kuulizwa. Wanaume nao wanaweza kuchangia damu kabla hawajatafutwa. Na baba wa mtoto, kama yupo, zamu ya kwanza ya usiku ni yake.

Tunajua wengi huogopa. "Je, mtoto akizidiwa mikononi mwangu?" Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kufundishwa. Mwombe mama akuonyeshe dawa na saa zake, na kadi ya kliniki inapokaa. Mtoto wa selimundu anywe maji mara kwa mara na asikae kwenye baridi. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akipumua kwa shida, viganja vikipauka ghafla, tumbo likivimba, au mdomo ukienda upande, usingoje mama arudi wala kupambazuke: mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na mama umpigie simu mkiwa njiani.