Sinza Ilipimwa, Haikulindwa

Mwalimu kutoka Litapunga, kata ya Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, akifika Dar es Salaam wakati wa likizo na kupokelewa Sinza na ndugu yake aliye mtumishi wa Serikali, hahitaji kulipa kiingilio ili aone sinema. Barabara inamtosha. Ukutani mwa nyumba ya kwanza atasoma maandishi mekundu, makubwa kuliko namba ya nyumba yenyewe: “Nyumba hii haiuzwi.” Atashangaa, maana kijijini kwake mtu hutangaza anachouza, hatangazi asichouza. Ndugu yake atamweleza kwamba jijini tapeli aweza kumuuzia mnunuzi nyumba ambayo mwenyewe yumo ndani anakula chakula cha mchana. Hatua chache mbele atamkuta kijana aliyepanga viatu vya mtumba mguu mmoja mmoja, wa pili kaufungia ndani ya gunia, ili mwizi akikimbia akimbie na kiatu kisicho na mwenziwe. Ataisikia mashine ya kupimia uzito ikiwaita wapita njia kwa sauti ya mwanamke asiyechoka. Kisha atapita mahali palipoandikwa kuwa ni pa kuoshea magari. Hataliona gari hata moja, ataona viti vya plastiki na wanaume wazima wakiosha makoo yao.

Jua likizama, mambo huanza upya. Moshi wa mishikaki na kitimoto hufunika taa za barabarani, waendesha bodaboda hujipanga kama askari wa gwaride, muuza kahawa hugonga vikombe vyake, na vinyozi wananyoa hadi usiku wa manane, kana kwamba ndevu za Sinza huota gizani. Saa nane za usiku spika za baa ya mkono wa kulia zinashindana na za baa ya mkono wa kushoto, na uani kuna kanisa linalokesha kwa spika zake, kila mmoja akiamini kuwa mwenye kelele ni jirani. Katikati ya makelele hayo, katika chumba cha nyuma, amelala mtoto wa darasa la saba. Tuseme amelazwa, kulala ni jambo jingine. Asubuhi ataamka akiwa na macho mekundu sawa na ya wale wanaokunywa supu ya kongoro barazani, na mwalimu wake atamwadhibu kwa kusinzia darasani.

Hapa ndipo wasemaji wetu huinuka. Husema vijana wameharibika, wasichana wamekosa haya, mila zimetupwa jalalani, mji umekuwa Sodoma. Hotuba hizo ni tamu kwa anayezitoa na hazimgharimu kitu. Lakini zinaficha jambo moja ambalo kila mtumishi wa halmashauri analijua barabara: baa haioti kama uyoga. Baa hujengwa juu ya kiwanja chenye namba, katika mtaa wenye ramani, kwa leseni yenye sahihi. Anayetaka kujua Sinza ilifikaje ilipofika aache kuhesabu wasichana waliosimama kandokando ya barabara, aende masijala.

Sinza ilizaliwa juu ya karatasi. Mwaka 1974 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja na huduma uliogusa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese, iliyokuwa imekwisha kujengwa kiholela, ikipangiwa kuboreshwa. Dar es Salaam wakati ule haikuwa hata na Halmashauri ya Jiji; ilikuwa imevunjwa mwaka 1972 na haikurejeshwa hadi 1978, hivyo kazi ikawa ya Wizara yenye dhamana ya ardhi. Nia ilikuwa njema kabisa. Kabwela mwenye mshahara mdogo apewe kiwanja kilichopimwa, apelekewe barabara na maji, atengewe shule, zahanati na mahali pa wazi pa watoto kuchezea, kisha ajenge mwenyewe kidogo kidogo kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Nyumba.

Waliofuatilia mradi ule baadaye walikuta viwanja vingi vimeishia mikononi mwa watu wenye kipato kikubwa kuliko waliokusudiwa. Huo ndio ulikuwa ufa wa kwanza. Wa pili ulikuja na njaa ya mishahara ya miaka ya 1980, pale mshahara wa mwezi ulipoacha kumaliza hata wiki, na kila mtumishi akatafuta “mradi” wake: huyu kuku, yule ng’ombe wawili uani, mwingine akafunga ukumbi wa mbele wa nyumba yake kwa nondo na kuufanya grosari. Neno hilo lenyewe lina kichekesho chake. Kwa lugha lilikotoka ni duka la vyakula. Kwa Kiswahili cha Sinza ni mahali ambapo chakula ndicho kitu pekee usichokikuta kwa hakika. Benki ya Nyumba nayo ikafa mwaka 1995. Basi msomaji aliye ofisini asijitoe haraka katika habari hii. Baba wa grosari nyingi hakuwa mhuni wa mtaani. Alikuwa karani, mwalimu, bwana afya, mtu mwenye kiwanja halali na njaa halali.

Vituo vya daladala vimehifadhi sehemu ya historia hiyo kuliko majalada: Makaburini, Palestina, Kumekucha, Afrika Sana, na Kwa Remmy, kwa jina la mwanamuziki Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo, aliyefariki Desemba 2010. Maana usiku haukuanza jana katika mji huu. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi kubwa zilikuwa chini ya taasisi za umma: JUWATA ya jumuiya ya wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, na Mlimani Park ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Watu walikunywa, walicheza, walitongozana, na wengine waliporejea nyumbani walikuta milango imefungwa kwa ndani. Hapakuwa na malaika. Palikuwa na ukumbi, na ukumbi ulikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na saa ya kufungwa. Jirani alijua dansi liko wapi na litakwisha lini.

Saa hiyo ya kufunga haikutegemea hisani ya mwenye baa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliweka muda wa kuuza pombe ya rejareja: siku za kazi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku, na mwisho wa juma kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Wakuu wa mikoa na wilaya wameitaja mara nyingi hadharani hata katika miaka ya karibuni. Leseni ya vileo, kwa utaratibu huohuo, haitolewi ya maisha. Ina kikomo, na kikomo kikifika huombwa upya. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kugeuza nyumba ya kuishi kuwa baa au nyumba ya wageni bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Sheria, basi, tunazo za kutosha kujaza kabati.

Je, zinamfikia nani? Mchana, bwana mkubwa anatia sahihi. Jioni, bwana mkubwa huyohuyo anaketi katika kiti cha plastiki, kwenye kiwanja ambacho ramani inakiita cha makazi, anaagiza mbuzi wa kuchoma, na mwenye baa anakataa kupokea fedha zake. Usiku wa operesheni yeye amekwisha kwenda kulala. Kinachobaki barabarani ni mama lishe na sufuria lake, mchoma mishikaki na jiko lake, na wasichana. Mwaka 2024 operesheni katika Wilaya ya Ubungo, ambayo Sinza imo ndani yake, iliwakamata wanawake waliodaiwa kufanya biashara ya ngono, na baadhi yao wakafikishwa mahakamani. Ni kweli Kanuni ya Adhabu inaikataza biashara hiyo. Lakini kanuni hiyohiyo inamtaja pia anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na inamtaja mwenye danguro. Hao hawasimami barabarani. Wana anwani, wana hati za viwanja, wana mita za umeme zenye majina yao. Haihitajiki tochi kuwatafuta.

Njia ya kukamata wanyonge ili mji uonekane safi imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1983, kwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu walioonekana hawana kazi jijini walikusanywa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi, kwa kuwa kilichowaleta mjini kilikuwa bado kipo mjini. Kuna sababu gani ya kuamini kwamba karandinga litafanikiwa leo pale ambapo magari ya 1983 yalishindwa?

Watakuwapo watakaodai kuwa dawa ni kuizima Sinza kabisa. Huo ni uvivu wa fikra. Usiku una wafanyakazi wake: wahudumu wa baa, wapishi, walinzi, wapiga muziki, madereva, maelfu ya watu ambao watoto wao husoma kwa fedha ya usiku. Serikali yenyewe ilizindua biashara ya saa 24 huko Kariakoo mapema mwaka 2025, ikafunga taa na kamera, ikakiri kwamba mji mkubwa haupaswi kulala saa 2. Vema. Lakini Kariakoo ni soko, na anayepanga chumba Kariakoo anajua kuwa amepanga sokoni. Mtu wa Sinza alipewa kiwanja cha kulala. Akitaka usingizi wake haombi fadhila, anadai alichoandikiwa. Na mhudumu wa baa hatapoteza riziki kwa sababu muziki umeingizwa ndani ya kuta na baa imehamishiwa barabara kuu. Atakayepoteza ni yule aliyezoea kupata faida ya baa kwa kodi ya kiwanja cha makazi.

Kwa nini habari hii imhusu mwalimu wa Litapunga, ambaye likizo ikiisha atarudi zake? Kwa sababu anarudi mahali ambapo karatasi bado ni nyeupe. Kata yake iko katika ukanda wa Katumba, makazi yaliyowapokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao wengi wao pamoja na watoto wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Tangu Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ofisi, barabara na wafanyabiashara wameongezeka, na popote mazao, barabara na umeme vinapokutana, grosari ya kwanza haiko mbali. Itafunguliwa karibu na shule, kwa kuwa hapo ndipo penye barabara. Itakuwa ndogo, yenye redio moja, na mwenyewe atakuwa mtu anayeheshimika. Hakuna atakayeona vibaya. Ya pili itakapofunguliwa, wa kwanza atanunua spika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimewapa wanakijiji kauli juu ya nini kikae wapi, na katika kijiji kisicho na wasomi wengi mwalimu ndiye mara nyingi hushika kalamu ya kuandika muhtasari wa mkutano. Na aandike, basi, kwamba pombe itauzwa upande fulani na shule itabaki upande mwingine; kwamba orodha ya leseni zote za vileo, pamoja na jina na cheo cha aliyetia sahihi kila moja, itabandikwa nje ya mlango wa ofisi ya kata, mahali ambapo mzazi anayepita na jembe lake anaweza kuisoma. Halmashauri za Dar es Salaam nazo zinaweza kubandika yao wiki hii hii. Karatasi na gundi vipo.