Vidonge Vitano vya Ijumaa
Na Biira Masereka

Mtoto wa Bwera, wilayani Kasese, akipatikana na saratani ya damu, safari ni ya Mbarara au ya Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1967. Huko ndiko zinakotolewa sindano kali. Lakini saratani ya damu inayowapata zaidi watoto hutibiwa miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo dawa humezwa nyumbani, mkononi mwa mama.

Pakiti ni mbili, na mara nyingi vidonge vyote ni vya manjano. Merkaptopurini ni ya kila siku. Methotreksati ni mara moja tu kwa wiki. Ikimezwa kila siku hujaza kinywa vidonda, hudhoofisha uboho, na inaweza kuua.

Tena kuna hesabu. Kidonge cha merkaptopurini kina miligramu 50, ilhali mtoto wa kilo 14 anaweza kuandikiwa 30 kwa siku. Kukisaga jikoni ni hatari, maana vumbi lake ni sumu. Mfamasia wa kliniki hupanga juma zima: nusu kidonge siku sita, kizima siku ya saba. Jumla ni miligramu 200, karibu kabisa na 210 zinazotakiwa. Nusu hizo huzikata mwenyewe. Methotreksati, vidonge vitano kila Ijumaa. Kisha mama huyarudia maelezo, kwa Lhukonzo au kwa Kiswahili cha soko la Mpondwe, mpaka yamkae.

Wodini pia mfamasia yumo, kuzuia makosa. Vinkristini, mojawapo ya sindano hizo kali, ni ya mshipani. Ikidungwa uti wa mgongo kwa makosa, huua.

Juni 2019, wahudumu wa Hospitali ya Kagando, Kasese, walimshuku mvulana wa miaka mitano aliyetoka Kongo kuwa ana Ebola, wakampeleka Hospitali ya Bwera, na kipimo kikathibitisha. Wilaya yenye macho hayo inastahili mfamasia aliyefunzwa dawa za saratani pale pale Bwera, mwenye nakala ya mpango wa kila mtoto, namba ya wodi ya Mbarara, na akiba ya dawa ya mwezi mmoja. Akiba hiyo si anasa: Mei 2020 Mto Nyamwamba ulipofurika na kuiharibu Hospitali ya Kilembe, kila mtu Kasese aliona jinsi huduma inavyoweza kukatika usiku mmoja.

Akiwepo, mama ambaye mtoto wake ana fangasi kinywani atakuwa na wa kumuuliza kabla ya kununua flukonazoli, ambayo inaweza kuzidisha sumu ya vinkristini kwenye neva. Asipokuwepo, atajibiwa na yeyote aliyesimama dirishani siku hiyo.