Saa za Kwanza za Mgonjwa Mahututi

Mwaka 2024 homa ya Marburg iliwapata watu 66 nchini Rwanda, ng'ambo tu ya wilaya ya Ngara iliyomo Kabanga, wakafa 15. Mapema mwaka 2025 homa hiyo ilizuka wilayani Biharamulo. Huko walihesabiwa wagonjwa 10, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote 10 walifariki. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti yatoka wapi?

Ni kweli kwamba wengi wa wagonjwa wa Rwanda walikuwa watumishi wa afya, ambao hutambuliwa upesi. Lakini hilo ndilo jambo lenyewe! Marburg humaliza maji mwilini, hushusha msukumo wa damu, kisha hudhoofisha ini na figo. Aliyegunduliwa mapema hutiwa maji mshipani na kupewa oksijeni na dawa. Nchini Rwanda hata wawili waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia walipona, wakaondolewa.

Hivyo wakosea wanaodhani kwamba uangalizi wa mahututi huanzia kwenye mashine. Huanzia zahanati ya kijijini, kwa muuguzi mwenye glavu, kipimo cha msukumo wa damu, na saa ya kuhesabia pumzi za mgonjwa.