Demokrasia Hudumu Aliyeshindwa Akiwa Salama

Wako wanaodhani kwamba demokrasia huzaliwa siku ya kupiga kura. Historia ya Hadado, na ya Wajir nzima, yaonyesha vingine, na inafaa walimu waifunze na wanafunzi waitafakari.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Kaskazini Mashariki ilitiwa chini ya sheria ya hali ya hatari mwezi huo huo. Sheria hiyo ilidumu hadi Novemba 1991. Kwa takriban miaka 28, raia angeweza kuzuiliwa bila kufikishwa mahakamani. Na ni katika kipindi hicho, Februari 1984, ndipo yalipotokea mauaji ya Wagalla. Wabunge walichaguliwa, naam, lakini kura isiyomlinda mpigaji ni karatasi tu.

Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 nao haukuleta neema papo hapo. Koo zilizokuwa zikizozania malisho, maji na viti vya uongozi zilishikiana silaha. Juhudi za kuuzima moto huo zilianzishwa na wanawake, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, ambao mwaka 1993 walianzia sokoni, wakihakikisha kuwa kila ukoo unauza na kununua bila hofu. Kisha wakawaendea wazee, vijana na maafisa wa serikali, hata ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir mwaka 1995.

Tangu kaunti zianze mwaka 2013, wazee wa koo wamezoea kuafikiana juu ya vyeo kabla ya uchaguzi. Hatuwezi kuyabeza maafikiano yanayookoa damu. Hata hivyo, yakifanywa faraghani, ukoo mdogo, mwanamke na kijana huachiwa kazi ya kuidhinisha yaliyokwisha kuamuliwa. Wapiga kura wa Ijara, Garissa, walionyesha mwaka 2017 kwamba wanaweza kuamua wenyewe, walipomchagua Sophia Abdi Noor, mwanamke wa kwanza kushinda kiti cha eneo bunge katika Kaskazini Mashariki.

Majirani wetu wa Somaliland walianza vivyo hivyo, kwa baraza la wazee lililokutana Borama mwaka 1993, lakini hawakuishia hapo. Mwaka 2003 tume ya uchaguzi ilimtangaza Dahir Riyale Kahin mshindi wa urais kwa kura 80 pekee. Mpinzani wake, Ahmed Mohamed Silanyo, alilalamika, akaenda mahakamani, hatimaye akaridhia. Mwaka 2010 akashinda yeye.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mtu hukubali kushindwa akijua kwamba mali yake, uhai wake na nafasi ya kujaribu tena vimo salama. Kwa hiyo twawasihi wazee wa Wajir wayafanye maafikiano yao hadharani, wanawake na vijana wakiwa wameketi nao, na neno la mwisho aachiwe mpiga kura.