Maamuzi Yasiyo na Hasara

Imekuwa itikadi miongoni mwa wasomi wetu wa biashara, na miongoni mwa wazazi wanaouza viwanja ili watoto wao wapate shahada ya pili, kwamba kijana aliyesoma visa vingi vya makampuni, akavijadili darasani kwa ufasaha, akatoa rai yake na kuitetea mbele ya wenzake, huyo amekwisha kujifunza kuamua. Na kwamba akikabidhiwa duka, kiwanda au benki ataamua vyema kuliko mtu ambaye hakuvisoma. Itikadi hiyo imetoka Boston ikafika Nairobi na Dar es Salaam, nayo husemwa kwa yakini kubwa hata anayeitilia shaka hudhaniwa kuwa adui wa elimu. Mimi sidai kwamba visa hivyo visisomwe. Ninalokana ni kwamba vinafundisha kuamua. Vinafundisha kuhukumu maamuzi ya watu wengine, baada ya watu hao kwisha kulipa gharama yake, na hiyo ni kazi nyingine.

Asili ya mtindo huu yafaa ikumbukwe, maana kasoro yake ilizaliwa nao. Mwaka 1870 Christopher Langdell alishika ukuu wa chuo cha sheria cha Harvard, akaacha desturi ya kuwahutubia wanafunzi kanuni za kukariri, akawapa hukumu za mahakama wazisome, wazichambue na kujibu maswali yake. Chuo cha biashara kilifunguliwa huko huko mwaka 1908, na mwaka 1919 kikapata mkuu wake wa pili, Wallace Donham, ambaye alikuwa amesomea sheria. Si ajabu basi kwamba alipenda wafanyabiashara wafunzwe kama alivyofunzwa yeye. Kisa cha kwanza, kilichohusu kampuni ya viatu, kilitoka mwaka 1921, na siku hizi mwanafunzi wa chuo hicho husoma visa vipatavyo 500 katika miaka miwili. Kwa mwanasheria mtindo huo una mantiki kamili, kwa kuwa katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza hukumu ya mahakama ya juu iliyotolewa jana ni sheria leo, na wakili aliyeisoma ameshika mkononi kitu ambacho hakimu wa kesho hana budi kukifuata. Soko halina utii wa namna hiyo. Aliyepata faida mwaka jana kwa kupunguza bei hakuweka sharti lolote linalowafunga wanunuzi wa mwaka huu, wala washindani wake, wala mvua. Watu wa biashara waliazima njia ya wanasheria bila ya kuazima kile kinachoipa nguvu.

Hebu tukitazame kisa chenyewe. Aghalabu huwa kurasa kumi au ishirini; huanza na mudiri mmoja amesimama dirishani ofisini mwake, jioni, akiwaza juu ya kikao cha kesho na bodi; hufuata historia ya kampuni na habari za washindani, kisha mwishoni majedwali ya mapato na matumizi. Mwandishi amekwisha kuzunguka, akauliza, akapepeta, akatupa mengi aliyoyaona hayana maana na kubakiza machache aliyoyaona yanayo. Amemchagulia msomaji nani ndiye mwamuzi, siku ipi ndiyo ya kuamua, na njia zipi mbili au tatu ndizo za kuchagua. Kilichobaki ni mjadala. Lakini kila mwenye kufanya biashara anajua kwamba sehemu ngumu ni hiyo hiyo iliyokwisha kufanywa na mwandishi: kutambua kwamba leo, katika siku iliyofanana na siku nyingine zote, lipo jambo la kuamuliwa, kujua ni habari gani itafutwe na kwa nani, na kujua wakati wa kuacha kutafuta.

Chukua muuzaji wa jumla wa vitenge pale Kariakoo, Oktoba ya mwaka 2018. Mteja wake wa Mtwara anapiga simu, anataka majora arobaini kwa mali kauli, atalipa msimu wa korosho ukichanganya. Lori linaondoka usiku. Daftari linaonyesha kwamba mteja huyu hajapata kudhulumu; mwaka uliopita alichelewa kidogo, kisha akamaliza deni lote. Kwa kadiri ya daftari, mali itoke. Lakini daftari halisemi kwamba fedha za mteja huyu zimo mifukoni mwa wakulima wanaonunua kwake, na kwamba mwezi huo huo wakulima wamegoma kuuza minadani kwa sababu bei wanayopewa ni ndogo. Habari hiyo haimo katika duka la vitenge. Imo kwa dereva wa lori, kwa wakala wa viuatilifu, kwa shemeji aliyeko Tandahimba, na humfikia yule tu anayejua kwamba deni la kitenge hulipwa na korosho, na ambaye kwa ajili hiyo humuuliza dereva hali ya mnada kabla ya kumuuliza kama turubai limefungwa.

Kisha ikaja Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kuzisomba. Kwa hesabu ya darasani ile ilikuwa habari njema, maana bei imepanda. Kwa hesabu ya dukani lilibaki swali moja, nalo ni fedha zitamfikia mkulima lini, na wakulima wengi walingoja miezi mingi. Mwenye duka aliyetoa majora ishirini badala ya arobaini, akasema mengine yatafuata msimu ukieleweka, hakuwa na jedwali mbele yake. Wala hakuchagua katika njia mbili alizowekewa na mtu, ya kutoa au ya kunyima. Ya tatu aliibuni mwenyewe huku simu ikiwa sikioni. Na kama angekosea, asingepata alama ndogo. Angekosa ada ya watoto wake.

Kasoro nyingine, nayo kwa rai yangu ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba kisa husimuliwa na mtu anayejua mwisho wake. Mwaka 1975 washauri wa Boston Consulting Group waliiandikia serikali ya Uingereza taarifa juu ya kuporomoka kwa viwanda vya pikipiki vya nchi hiyo, na humo wakaeleza jinsi Honda ilivyoliteka soko la Marekani: kampuni yenye tadbiri ya muda mrefu, iliyozalisha kwa wingi ili ipunguze gharama, ikaingia kwa pikipiki ndogo na kupanda hadi kubwa. Maelezo hayo yakaingia vyuoni, yakawa kisa, na vijana wakayasoma kuwa ni habari ya ushindi uliokusudiwa tangu mwanzo. Baadaye Richard Pascale akafanya jambo sahili kabisa: akawaendea wale Wajapani wenyewe akawauliza, na mwaka 1984 akachapisha majibu yao. Walimweleza kwamba hawakuwa na mpango wowote zaidi ya kutazama kama wangeweza kuuza kitu Marekani. Walifika Los Angeles mwaka 1959 na fedha chache walizoruhusiwa na serikali yao kuzitoa nchini, wakikusudia kuuza pikipiki kubwa. Kubwa zikavuja mafuta na klachi zikafa, kwa kuwa Wamarekani waliziendesha safari ndefu na kwa mwendo mkali kuliko ilivyokuwa ada Japani. Zile ndogo za cc 50 walizipanda wenyewe kwa shughuli za mjini. Watu wakaziona wakauliza, hata mnunuzi wa maduka ya Sears akapiga simu. Nao bado wakasita, wakiogopa kwamba vipikipiki hivyo vitawaharibia jina mbele ya wapenzi wa pikipiki kubwa, mpaka walipojikuta hawana kingine cha kuuza.

Fikiria basi wanafunzi waliopewa alama za juu kwa kueleza hekima ya mpango ambao wenye mpango hawakuwa nao. Siidharau Honda, injini zake zilikuwa bora, na mtu asiye na bidhaa njema haokolewi na bahati. Lakini kilichowafaa wale Wajapani kilikuwa wepesi wa kuona kwamba soko linataka wasichokuja nacho kwa nia, na uwezo wa kumeza fahari yao wakakubali. Kisa kilichosafishwa kiliufuta huo wepesi, kikaweka badala yake ramani.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Huduma ya M-Pesa, ambayo sasa ni kisa kinachofundishwa kote duniani, ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa makusudio tofauti: kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliojaribishiwa wakaanza kuitumia kwa mambo yao, wakatumiana fedha wao kwa wao, na wenye huduma, kwa sifa yao, wakawafuata wateja. Ilipozinduliwa Machi 2007 haikutangaza tena marejesho ya mikopo, ikatangaza kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2010 Vodacom wakishirikiana na benki ya Nedbank waliipeleka Afrika Kusini, wakiazimia kupata wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Mwaka 2016 wakaifunga. Tazama ni nani hao walioshindwa. Hawakuwa vijana walioipata habari katika karatasi. Walikuwa ukoo ule ule wa Vodafone uliokuwa nyuma ya M-Pesa ya Kenya, wenye mitambo, fedha na watu waliokuwapo tangu siku ya kwanza. Walikwenda katika nchi ambayo watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na masharti ya kumtambua mteja yalikuwa makali, na kisa chao wenyewe hakikuwafaa kitu. Ikiwa mwenye kisa hakuweza kukivusha mpaka, sijui msomaji wa kurasa ishirini atavuka nacho vipi.

Juu ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, nitasema kwa ufupi, maana imesemwa sana: Jeffrey Skilling, aliyekuwa mkuu wake, alihitimu Harvard mwaka 1979 akiwa miongoni mwa walio bora wa darasa lake, kampuni yake ikasifiwa katika visa vya chuo hicho hicho, na Desemba 2001 ikafilisika.

Watetezi wa mtindo huu wana hoja, nayo si hoja ya kipuuzi. Husema kwamba jibu si kitu, zoezi la kufikiri ndilo linalotakiwa, na kwamba hata tabibu hufunzwa kwa habari za wagonjwa. Nakubali kwamba kijana hujifunza humo kusoma mizania, kuwasikiliza wasiokubaliana naye na kutoona haya kusimama; hayo ni manufaa. Lakini tabibu hufunzwa kando ya kitanda, na akirudi kesho yake humkuta mgonjwa amepata nafuu, au amezidiwa, au kitanda kitupu. Darasa la biashara halirudi kwa mgonjwa wake; kesho lina kisa kingine. Na kwa kuwa katika madarasa mengi ya namna hii sehemu kubwa ya alama hutolewa kwa mchango wa mjadala, anachozoezwa kijana ni kusema kwa yakini, kwa muda wa kipindi kimoja, juu ya kampuni aliyojuana nayo usiku uliotangulia. Henry Mintzberg wa Chuo Kikuu cha McGill amelipigia kelele jambo hili miaka mingi, na kitabu alichokitoa mwaka 2004 kiliwaudhi wengi, ila ada za vyuo hazikupungua. Sote tuliokaa barazani tumemsikia mtazamaji wa bao, aonaye kila kete iliyopasa kuchezwa, ambaye akipewa nafasi akae yeye huliwa kabla kahawa haijapoa.

Kipo kisa kimoja ambacho nakiheshimu, nacho ni cha timu ya mbio za magari iitwayo Carter. Wanafunzi huulizwa kama gari liingie mbioni siku ya baridi, ilhali gasketi ya injini imepata kuharibika katika mbio 7 kati ya 24. Hupewa kiasi cha joto cha siku zile saba, hujadili, hupiga hesabu, na wengi huamua liingie. Ni wachache wanaoinua mkono kuomba kiasi cha joto cha zile siku 17 ambazo gasketi haikudhurika, habari ambayo mwalimu anayo na angempa yeyote aliyeiomba, na ambayo huonyesha wazi kwamba baridi ndiyo hatari. Baada ya hapo huambiwa kwamba waliyokuwa wakijadili ni mambo ya chombo cha anga Challenger, kilicholipuka Januari 28, 1986 na kuua watu saba. Inasemekana wanafunzi hunyamaza. Kisa hicho kinafaa kwa sababu kinakanusha visa vyote vingine: kinamfundisha kijana kwamba karatasi aliyopewa imekatwa na mtu, na kwamba kazi yake ya kwanza ni kuuliza kilichokatwa.

Ikiwa vyuo vyetu vinataka kweli kufunza kuamua, na vitumie muhula mmoja hivi. Kila mwanafunzi aende kwa mfanyabiashara aliye hai, mwenye deni na mdeni, akae dukani. Na kila mwezi, kabla mambo hayajajulikana, aandike kwa tarehe jambo ambalo tajiri huyo yampasa kuamua, angeamua nini kama mali ingekuwa yake, na anatazamia nini kitokee, kisha atie muhuri katika bahasha. Miezi mitatu baadaye bahasha ifunguliwe mbele ya darasa. Nitaambiwa kwamba hakuna mfanyabiashara atakayemfungulia mgeni daftari lake, kwa kumdhania mtu wa kodi. Ni kweli kwa wakubwa. Mama wa genge na fundi wa samani hawana cha kuficha zaidi ya madeni, na madeni ndiyo somo. Alama zitolewe kwa jinsi kijana alivyolitambua swali, wala si kwa kubahatisha jibu, kwa maana bahati haifundishiki. Na mwalimu naye, kabla ya kumsahihisha yeyote, aandike rai yake juu ya duka lile lile, aitie katika bahasha ya pili, na siku hiyo yake ifunguliwe kwanza.