Kipimo cha Damu cha Saratani ya Tumbo na Mkazi wa Ikolo

Mkazi wa Kata ya Ikolo wilayani Kyela anayesumbuliwa na kiungulia kwa miezi kadhaa mara nyingi hujihesabu kuwa ana vidonda vya tumbo, hununua dawa dukani na kurejea katika shamba lake la mpunga. Endapo tatizo ni saratani, miezi hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa. Mwaka 2022 saratani ya tumbo iligunduliwa kwa watu wapatao 968,000 duniani na kuua takriban 660,000.

Ndiyo maana habari za kipimo cha damu zimepokelewa kwa matumaini. Seli za saratani humwaga vipande vya vinasaba katika damu, navyo hubeba alama za epijenetiki, yaani kemikali zinazojishikiza juu ya vinasaba na kuwasha au kuzima jeni bila kubadili mpangilio wake. Alama hizo ni nyingi mno kwa jicho la mtaalamu. Kompyuta hufundishwa kwa sampuli za wagonjwa na za wasio wagonjwa hadi itambue tofauti.

Takwimu, hata hivyo, zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Utafiti wa Marekani kuhusu kipimo cha aina hii kinachotafuta saratani zaidi ya 50, uliochapishwa mwaka 2021, ulionesha kuwa kilibaini asilimia 90.1 ya saratani za hatua ya nne, lakini asilimia 16.8 tu za hatua ya kwanza. Kilitoa tahadhari ya uongo kwa asilimia 0.5 ya wasio na saratani. Ni kiwango kidogo, lakini katika watu 10,000 ni watu 50, na kila mmoja atahitaji uchunguzi zaidi. Kwa tumbo, uchunguzi huo ni endoskopi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela kwa barabara ya Tukuyu.

Lipo pia suala la damu yenyewe. Maambukizi sugu ya bakteria wa Helicobacter pylori huacha alama za epijenetiki kwenye ukuta wa tumbo hata kabla ya saratani, na kompyuta iliyofundishwa kwa damu ya watu wa mbali haijui historia ya maambukizi ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Historia hiyo si jambo dogo. Kuanzia mwaka 2006 kituo cha NIMR Mbeya kilifuatilia wakazi wapatao 18,000 wa maeneo tisa ya mkoa, Kyela ikiwemo, na matokeo ya mwaka 2016 yalionesha kuwa wenye minyoo ya matende walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU. Uwezo wa kukusanya sampuli za wenyeji, basi, upo mkoani. Bila sampuli hizo kipimo kitabaki cha kuazima.

Wakati huohuo, bakteria huyo, aliyetangazwa mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani, hugundulika kwa kupima kinyesi na hutibika kwa antibiotiki.