Kanzu za Ijumaa na Sabuni ya Nyumbani

Kwa muda mrefu tumeahidi kuandika juu ya sabuni ya nguo itengenezwayo nyumbani, na kila tulipoketi kuandika tulisita, kwa kuwa mara ya kwanza tulipoijaribu sisi wenyewe tuliharibu. Kanzu nne nyeupe ziliingia ndooni siku ya Jumatano, na Alhamisi jioni tukaziteremsha kambani zikiwa na mabaka ya kijivu yenye kunata mkononi. Ijumaa ile waume zetu walikwenda msikitini na kanzu za Idi.

Kosa lilikuwa siki. Tulisikia kwamba magadi husafisha, na siki nayo husafisha, tukaona vikikutana vitasafisha maradufu. Povu lilipofoka tulifurahi, kumbe vilikuwa vinauana. Magadi ni alkali na siki ni asidi. Vikichanganywa, nguvu ya kila kimoja humalizwa na mwenziwe. Kibaya zaidi, siki huipasua sabuni yenyewe na kuirudisha kuwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyozishika kanzu zetu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tulirudia. Kwanza ni mtoto wetu mdogo, aliyekuwa akijikuna shingoni na makwapani kila avaapo nguo iliyotoka kufuliwa. Tulipobadilisha sabuni na kuongeza kusuuza, kujikuna kulipungua. Hatudai kwamba tumepata dawa. Mtoto mwenye ukurutu apelekwe kwa daktari. Pili ni kisima. Sabuni nyingi za unga hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli, tena nyingine hutiwa rangi ya kurudisha mwanga, ili nguo ionekane nyeupe machoni hata kama haikutakata. Maji hayo tunayamwaga uani, hatua chache kutoka kisima tunachotekea.

Na kisima chenyewe kinataka kufahamika kabla ya sabuni. Visima vyetu vingi vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, nayo ni chokaa. Sabuni ikikutana na chokaa hufanya utando badala ya povu, na utando huo ndio ufubazao kanzu na kuacha madoa meupe juu ya buibui. Kazi ya magadi ni kuikamata chokaa kwanza, ili sabuni ibaki na kazi yake. Hatuyaagizi ng'ambo: yapo Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Bibi zetu waliyajua kwa kulainishia kunde. Mwenye maji ya mvua katika birika lake amepata kheri zaidi, maana hayana chokaa, na sabuni kidogo humtosha.

Haya, tupike. Chukua robo kilo ya sabuni ya mche isiyo na rangi. Ukiipata ya mafuta ya nazi ndiyo bora kwetu, kwa kuwa hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na mabaharia waliipenda kwa sababu hiyo. Ikatekate vipande vyembamba, uitie katika lita 2 za maji ya moto, ukoroge juu ya moto mdogo mpaka iyeyuke. Kando, ndani ya ndoo ya plastiki, yeyusha kikombe kimoja cha chai cha magadi katika lita 3 za maji ya moto. Magadi ya sokoni huja na mchanga. Yaache yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa. Usiyachemshe katika sufuria ya alumini, kwani huila. Mimina sabuni ndani ya ndoo ya magadi, ongeza maji mpaka yafike lita 10, ufunike. Asubuhi utakuta uji mzito wenye kuteleza. Nusu kikombe chatosha ndoo moja ya nguo. Povu lake ni dogo, na wengi hudhani haifui. Povu si kipimo cha usafi.

Wako wapikao sabuni kuanzia mwanzo, kwa mafuta na kostiki. Ni kazi ya heshima, lakini kostiki huunguza ngozi na hupofusha jicho, nasi hatuoni busara kuiweka katika nyumba yenye watoto. Hata huu uji wetu uandikwe jina na uwekwe juu. Usitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Sasa tahara, maana nguo yaweza kung'aa na isifae kwa sala. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu pwani tumeyasoma tangu madrasa, najisi huondolewa kwa maji mutlaki, na maji yaliyogeuzwa na sabuni si mutlaki tena. Vilevile maji machache, yasiyofikia kulatayni, hunajisika pindi nguo yenye najisi itumbukizwapo ndani yake. Basi nguo ya mtoto iliyokojolewa isitupwe ndooni pamoja na nyingine. Iondolewe najisi kwanza, imiminiwe maji safi juu yake, ndipo iingie katika sabuni. Tumeona nyumba ambazo ndoo nzima hunajisika kwa ajili ya suruali moja ndogo, na mama wa watu amechoka mgongo akidhani amemaliza kazi.

Siki nayo ina mahali pake, napo ni maji ya mwisho ya kusuuza, sabuni ikisha kutoka yote: robo kikombe kwa ndoo ya lita 20. Hulainisha nguo na kuondoa masalio ya magadi, na harufu yake huisha juani. Lakini siki au ndimu isikutane na jiki kamwe. Hutoa moshi wa sumu, na mafua ya ghafla yanayowapata akina mama wakifua ndani ya bafu lisilo dirisha huenda yasiwe mafua.

Hariri na sufi usizifue kwa sabuni hii, magadi huzidhoofisha. Manukato nayo hatutii. Nguo ikikauka, kitenga na chetezo cha udi vyatosha, na hapana harufu ya kiwandani itakayovishinda.

Na maji machafu yake? Wengine husema ni ya asili, basi yamwagwe popote. Magadi ni ya asili pia, na bado huchosha udongo. Sisi huyamwaga mbali na kisima na mbali na mche wa asmini. Ya suuzo la mwisho ndiyo tunayompa mnazi.

Kanzu zile nne tulizilaza usiku kucha katika maji ya moto yenye magadi matupu, tukazifua upya. Tatu zilitakata. Ya nne tunapigia deki.